Siku ya Kuwanyamazia Ndege

Haya, kaeni vizuri. Najua wiki nzima mmenisema. Mama mmoja wa Kalundu alinisimamisha sokoni, samaki mkononi, akaniuliza mimi ni mtu wa namna gani. Nimemwacha Louise Niyonkuru na njiti ya kiberiti inawaka, ukingoni mwa shamba la Sosiete, halafu mkono wa mtu asiyejulikana unamkamata kifundo cha mkono, halafu gazeti linakwisha. Nilimwambia asubiri Jumamosi. Leo ndiyo Jumamosi, mama, soma.

Kwa aliyefika leo, dakika moja tu. Sosiete, kampuni ya mbegu, ilikuja bondeni kwetu na mpunga wake wa Espresi, ambao unaiva wiki tatu kabla ya mpunga mwingine wote. Mheshimiwa Bonaventure, mbunge wetu, akazunguka na kipaza sauti kutoka Sange mpaka Kamanyola akiusifu kama vile aliuzaa yeye. Wakulima wakamweleza kwamba bondeni tunapanda wote wiki moja, na kuna sababu. Mpunga wote ukiiva pamoja, ndege wanagawanyika bonde zima na kila shamba linapoteza kidogo. Wako ukiiva peke yake, ndege wote wa Ruzizi wanakuja kwako.

Mheshimiwa akacheka. Sosiete ikaandika kontra, mkataba na kila mkulima.

Louise wa Kiringye akapanda Espresi, ndege wakaja wote, akavuna majani. Kisha Franck, agronomu au bwana shamba wa Sosiete, akaja na kalamu yake akaandika kwenye rapore, ripoti ya Sosiete, maneno mawili, "mkulima mvivu". Kontra inasema mkulima mvivu, asiyezuia ndege, ananyang'anywa parsele, yaani kipande chake cha ardhi, na parsele ya Louise ndiyo aliyoachiwa na baba yake, Pierre, ambaye amezikwa pembeni ya shamba hilo hilo. Wako arobaini walioandikwa hivyo. Asubuhi ile ile, saa nne, mgeni kutoka Kinshasa atakuja kuliona shamba la mfano la Sosiete, na akiridhika atasaini parsele zote arobaini ziende kwa Sosiete.

Ndiyo sababu ya kiberiti. Sasa turudi kwenye ule mkono.

"Zima," ilisema sauti nyuma yake.

Louise aligeuka akiwa tayari kuuma. Aliyemshika hakuwa mlinzi. Alikuwa Mama Anne Nshimirimana, mama wa miaka sitini na kitu, mkubwa wa wanawake kumi na wawili wanaoamia ndege kwenye shamba la Sosiete. Kuamia ndiyo kazi yao, kukaa juu ya dungu, jukwaa la miti, toka alfajiri mpaka jioni, kupiga kelele na kurusha udongo ili ndege wasitue.

"Niachie, Mama Anne."

"Nikuachie uende gereza ya Uvira? Zima ile kitu."

"Minye sina tena cha kupoteza."

"Iko. Iko parsele ya baba yako. Hawajasaini bado. Ukichoma hapa watasema nini? Watasema, mumeona, wakulima njo balichoma, kweli ni batu babaya. Utakuwa umewasaidia kazi."

Njiti ilimfikia Louise kidoleni. Akaiachia, Mama Anne akaikanyaga kwa kandambili yake, akaikanyaga mara ya pili ili awe na hakika.

"Basi nifanye nini?" Louise aliuliza, na machozi ya hasira yalikuwa yanamtoka bila yeye kutaka. "Nikae nyumbani, niwasikie kwenye redio wakinipokonya kaburi la baba yangu? Franck aliandika mimi ni muvivu, Mama Anne. Mimi. Nililala shambani wiki tatu."

"Nilikuona."

"Nataka aone. Nataka aione hasara kwa macho yake, na yule mukubwa wake pia, na siwezi kwenda kulala bila kuona hiyo."

Pikipiki ilikuwa inakuja kwenye njia ya mfereji. Louise akajitupa chini ya dungu, kati ya miguu ya miti.

Alikuwa Franck. Shati jeupe, viatu vya ngozi, na faili kwapani, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, kwenye tope. Hakushuka pikipiki.

"Mama Anne, habari ya asubuhi. Kuna mabadiliko. Protokole ya Mheshimiwa imenipigia simu. Leo hakuna kelele."

"Namna gani, hakuna kelele?"

"Hakuna kelele, hakuna kombeo, hakuna kurusha udongo, hakuna kugonga makopo. Wageni wanakuja kuona kilimo cha kisasa. Hawatoki Kinshasa kuja kuona wamama wanalia juu ya miti. Mtavaa pagne mpya, vitenge vya kijani, mtakaa kwenye mabenchi, mtapiga makofi Mheshimiwa akimaliza hotuba. Ni hivyo tu."

"Na bandege, agronomu? Unataka nibambie nini?"

"Ndege iko na mashine yao," alisema Franck, akaonyesha kwa kidole.

Katikati ya shamba walikuwa wamesimika nguzo, na juu ya nguzo sanduku lenye spika kubwa. Mashine hiyo ililetwa kutoka ng'ambo, na kila nusu dakika inalia sauti ya mwewe. Jana yake mchana waliijaribu, ndege wakatawanyika, Franck akapiga picha akazituma kwa wakubwa wake wote.

"Muheshimiwa mwenyewe alisema tunyamaze?" aliuliza Mama Anne.

"Mwenyewe. Atakayepiga kelele leo, kesho asije kazini."

Pikipiki ikaondoka. Louise akatoka chini ya dungu na majani kichwani, na uso wake ulikuwa umebadilika. Mama Anne alimwangalia akadhani amepandwa na homa.

"Umesikia?" Louise alisema. "Ametuamuru tunyamaze."

"Nimesikia, siko kiziwi."

"Sasa sikiliza. Hili shamba ni la Sosiete. Mbegu ni ya Sosiete, agronomu ni wa Sosiete, mashine ni ya Sosiete. Likiliwa leo, mbele ya yule mugeni wa Kinshasa, nani atakuwa muvivu? Hatuchomi kitu. Hatuibi kitu. Tunakaa kwenye benchi na pagne mupya, njo vile walivyotuambia. Tunatii tu, Mama Anne."

Mama Anne aligeuka. Aliangalia shamba, akaangalia matete marefu upande wa mfereji.

"Mama Anne?"

"Na ile mashine?"

"Mashine ni mashine. Bandege si wajinga, wataizoea."

Mama mkubwa akapangusa mikono yake kwenye kitenge. "Sawa," alisema. "Tutakaa. Akimana alijifungua juzi, kiti chake kiko wazi. Nenda nyumbani ukaoge, urudi uvae pagne yake."

Wasomaji wangu, nisiwadanganye. Louise hakuwa anatafuta haki asubuhi ile. Haki ilikuwa nyuma huko, kama mzigo ulio juu ya paa la gari. Alichokuwa anakitaka ni kumwona Franck akisimama pembeni ya mpunga wake, hana la kufanya, anahesabu ndege. Alikitaka mpaka mate yalimjaa mdomoni. Ninyi mnaosoma huku mkitikisa kichwa, ngojeni siku mtu atakapowaita wavivu kwa maandishi.

Saa tatu kasoro, hema lilikuwa limesimama. Bango la Sosiete liliwekwa barabarani, na juu yake picha ya Mheshimiwa akiwa ameshika suke la mpunga kwa namna ambayo hakuna mkulima anashika suke. Wanawake kumi na wawili walikaa kwenye mabenchi, pagne za kijani, mikono mapajani. Makombeo yao yalikusanywa yakatupwa nyuma ya gari ili yasionekane kwenye picha.

Franck alipita akihesabu vichwa, sasa amevaa koti. Alipofika kwa Louise, akasimama.

"Weye. Unafanya nini hapa?"

"Niko nakaa, agronomu. Si uliandika kwamba njo kitu ninachojua?"

Masikio ya Franck yaliwaka. Akafungua mdomo kumfukuza, lakini mpiga picha akaita kutoka hemani, "Agronomu, usiguse mabenchi. Nataka kumi na wawili, vile vile walivyo." Franck akaangalia saa. Akaangalia Louise. Akaenda zake.

"Usimchokoze," alinong'ona Mama Anne.

"Sijaanza."

Kisha ndege wakaja.

Walikuja toka upande wa Burundi, kundi la kwanza dogo, kuonja. Walizunguka shamba mara moja. Wanawake wote kumi na wawili waliwaona kabla ya mtu mwingine yeyote pale, na mikono yote ilitaka kuinuka kwa mazoea, ikabaki mapajani. Ndege wakashuka. Louise akauma mdomo.

Mashine ikalia.

Ndege wakaruka wote, wakarudi walikotoka. Kundi la pili likaja, kubwa zaidi. Mashine ikalia. Likarudi. Kundi la tatu hata halikushuka. Franck alikuwa amesimama chini ya hema mikono kiunoni, na tabasamu lake lilionekana toka kwenye mabenchi.

Louise aliitazama ile spika. Mashine inafanya kazi. Shamba la Sosiete litasimama zima, dhahabu tupu, mgeni ataliona, atasaini, na yeye Louise atakuwa amevaa pagne ya Sosiete, amekaa kwenye benchi la Sosiete, na amepiga makofi. Amekuja kuwatia adabu, na sasa ataonekana kwenye picha yao. Aliona aibu mpaka shingoni.

"Mama Anne, nilikosea. Ningechoma."

"Nyamaza. Kazi yetu leo ni kunyamaza."

Saa tatu na nusu, gari mbili zikaingia, na Mheshimiwa Bonaventure akashuka. Alikuja mapema kuliko mgeni, maana alikuwa na mahojiano ya redio. Mwandishi alimfuata na mashine yake ya kurekodi. Mheshimiwa akatafuta kivuli, akasimama akiwa amelipa shamba kisogo ili jua lisimpige usoni, akakohoa, akaanza.

"Ndugu wananchi wa bonde. Mimi, mtoto wenu, nilipowaletea Espresi, wako waliosema..."

Mashine ikalia sauti ya mwewe.

Mheshimiwa akasubiri. "Tuanze tena. Ndugu wananchi wa bonde. Mimi, mtoto wenu, nilipowaletea Espresi, wako waliosema kwamba haiwezekani. Leo ninawaambia..."

Mashine ikalia.

"Ni nini hiyo?"

"Ni mashine ya ndege, Mheshimiwa," alisema Franck, amekwisha kufika mbio. "Ya kisasa. Inalia kila nusu dakika tu."

"Mahojiano yangu ni ya dakika arobaini."

"Ndiyo, Mheshimiwa, lakini tukiizima, ndege..."

"Ndege gani?" Mheshimiwa aliangalia juu, hakugeuka. "Unaona ndege? Mimi sioni ndege. Zima hiyo kitu."

"Mheshimiwa, naomba nikueleze kidogo..."

"Agronomu. Nani alikuleta kwenye hii kazi?"

Franck akageuka. Akaenda kwenye nguzo akazima. Kwenye mabenchi hakuna aliyetikisika, lakini Irankunda, aliyekaa kushoto kwa Louise, alimfinya paja kwa nguvu mpaka likauma. Louise hakuuondoa mkono wa mwenzake. Aliona utamu.

Wakaja.

Safari hii hawakuja kuonja. Walikuja kundi baada ya kundi, mpaka uwanda wa upande wa mto ukapata kivuli kinachotembea, wakashuka kwenye mpunga ulioiva, peke yake, wiki tatu kabla ya wenzake. Masuke yakainama kwa uzito. Sauti ya kula kwao ilisikika mpaka hemani, sauti ndogo ndogo ya kupasua, elfu kwa elfu, na Mheshimiwa alikuwa anasema kuhusu mustakabali wa vijana.

Franck alikuja kwenye mabenchi ameinama ili asiingie kwenye picha.

"Mama Anne. Fanyeni kitu."

"Kitu gani, agronomu?"

"Fukuzeni."

"Na kelele?"

"Ndiyo, na kelele, na chochote."

"Muheshimiwa yuko anasema kwa redio," alijibu Mama Anne kwa upole kabisa. "Nenda umuombe ruhusa. Akisema ndiyo, tunasimama sasa hivi."

Franck alimwangalia Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa ameinua kidole, anaahidi lami. Franck alipiga hatua mbili kuelekea kwake, akasimama, akarudi. Hakuthubutu. Wasomaji, huyo ndiye mtu aliyekuwa na kalamu ya kunyang'anya watu mashamba yao, na hakuthubutu kumwambia mkubwa wake ageuke.

Akavua koti. Akaingia mwenyewe kwenye mpunga na viatu vyake vya ngozi, akaanza kupeperusha koti bila sauti. Ndege walimpisha hapa wakatua pale. Alikwenda pale, wakarudi hapa. Mara ya tatu aliteleza, akaanguka kifudifudi, akainuka na tope mpaka usoni. Faili lake lilikuwa linaelea kwenye maji.

Alipopita karibu na benchi akihema, Louise akasema polepole, kiasi cha kusikiwa naye tu:

"Agronomu, juu ya nini unakuwa muvivu hivyo?"

Franck alisimama. Alimtazama, na Louise akamtazama vile vile, hakupepesa. Alikuwa ameingoja dakika hiyo kwa miezi saba. Ilikuwa tamu kuliko alivyofikiri, na nasema hivyo bila kumwonea haya. Angeweza kukaa pale mpaka jioni.

Saa nne kamili, mgeni akafika.

Madame Alliance alikuwa mama mfupi, mwembamba, viatu vya mpira miguuni. Ndiye aliyetumwa na watu wanaoisaidia Sosiete, na saini yake ndiyo iliyokuwa inangojwa. Mheshimiwa alikatisha maneno yake, akaenda na mikono miwili mbele. Madame akampa mkono mmoja haraka, akampita, akaingia kwenye mpunga. Alichuma suke. Akalipukuchua kiganjani, akapuliza. Makapi yote yakaruka, kiganja kikabaki kitupu.

"Hili ndilo shamba la mfano?" aliuliza.

Hapo ndipo Mheshimiwa alipogeuka mara ya kwanza.

Sijui niwaeleze vipi ule uso. Aliangalia mpunga uliosimama mabua matupu. Aliangalia ndege wanavyopanda na kushuka. Aliangalia Franck katikati, ana koti mkononi, tope mpaka kwenye nyusi. Mwandishi wa redio alikuwa amesogea na mashine yake inaendelea kurekodi. Kwenye mabenchi, wanawake kumi na wawili walianza kupiga makofi, taratibu, maana waliambiwa wapige Mheshimiwa akimaliza.

Lakini msimdharau Bonaventure. Mtu hashindi uchaguzi mara mbili hapa kwetu kwa kuwa mpole. Alipumua mara moja, na sauti ikarudi.

"Madame, ni balaa ya asili. Unaona mwenyewe. Hakuna muntu duniani anaweza kuzuia ndege kama hawa. Tuko na mashine kutoka ng'ambo, imeshindwa. Tuko na agronomu na diploma, umemuona, ameingia mpaka yeye mwenyewe."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna, Madame. Ni mapenzi ya Mungu."

"Utaandika hivyo na kusaini?"

"Hata sasa," alisema Mheshimiwa, ambaye aliona mlango wa kutokea. Akaandika juu ya boneti ya gari, akasaini. Franck alifungua mdomo, Mheshimiwa akamtazama, mdomo ukafungika.

Madame alisoma karatasi mara mbili. Kisha akatoa nyingine kwenye mkoba wake, akaifungua.

"Vizuri sana. Hapa nina wakulima arobaini ambao walipanda mbegu hii hii. Nimeambiwa wavivu. Wanapokonywa parsele kwa sababu hawakuzuia ndege." Alisoma jina la kwanza, Niyongabo. Akasoma la pili, Louise Niyonkuru. "Mheshimiwa ameandika kwamba hakuna mtu anaweza kuzuia. Basi hawa hawana kosa. Ninafuta orodha yote. Watabaki kwenye ardhi yao, na Sosiete itatafuta mbegu nyingine."

Akaweka karatasi juu ya gari. Akafungua kalamu.

Louise alishika benchi kwa mikono miwili. Baba yake, mpunga wake, mfereji aliochimba mzee kwa jembe, vyote vilikuwa chini ya ile kalamu, na kalamu ilikuwa inashuka. Mheshimiwa amejinyonga kwa mdomo wake mwenyewe. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita hakutaka ubaya kwa mtu yeyote.

Wakati huo ndege wakamaliza.

Waliinuka pamoja, kundi lote, wakapita juu ya hema wakiwazibia watu jua. Hawakurudi mtoni. Walizunguka mara moja, wakashuka nyuma ya matete upande wa mfereji, wote, kwa ghafla, kama walioitwa.

"Kule wamefuata nini?" Louise alinong'ona. Mpunga wa watu wote Kiringye ulikuwa bado mbichi, majani tu. Ndege hawakuwa na cha kula kule.

Irankunda alinyoosha shingo. "Ee Mungu," alisema. "Kule ni kwa Mama Anne."

"Kwa Mama Anne kuna nini?"

"Alipanda Espresi. Ile iliyobaki chini ya mifuko, alifagia bohari, akapewa. Ni kipande kidogo tu. Toka msimu uanze anakiamia toka juu ya dungu, sauti moja kwa mashamba yote mawili. Njo chakula chao, yeye na bajukuu bake batatu, mpaka mwaka ujao. Hana kitu kingine."

Louise aligeuka kulia polepole. Mama Anne alikuwa amekaa wima, macho mbele, mikono mapajani, kama alivyokaa tangu saa tatu.

"Mama Anne."

"Nyamaza."

"Ulijua. Asubuhi, chini ya dungu, ulijua watakwenda kule."

"Nilijua. Nyamaza, binti yangu, anasaini."

"Watakula yote."

"Wacha bakule. Minye nitaomba kwa watu, nitalima kwa watu, tutaishi. Parsele yako ikienda leo, nani atakurudishia? Kaa chini."

Louise hakujua kwamba alikuwa amesimama.

Fikirini naye, maana yeye hakuwa na muda wa kufikiri. Akipiga kelele, ndege watakwenda. Atakuwa ameonyesha mbele ya Madame, mbele ya redio, kwamba binadamu anaweza kuwazuia. Neno la Mheshimiwa litavunjika, na orodha itabaki kama ilivyokuwa, majina arobaini, lake la pili. Asipopiga, atalala leo kwenye ardhi ya baba yake, ameshiba kisasi, na mama aliyemkanyagia kiberiti atakwenda kuomba mihogo kwa majirani.

Kalamu iligusa karatasi. Mama Anne alimshika Louise pagne akamvuta chini.

Louise akaichomoa ile pagne kutoka mikononi mwa mama huyo, akaruka benchi, akachota udongo wa mfereji kwa kiganja, na akapiga ile sauti aliyofundishwa na baba yake akiwa na miaka sita, sauti ndefu inayoanzia tumboni na kupanda, inayosikika mpaka ng'ambo ya Ruzizi. Aliipiga mara mbili. Akarusha udongo, akakimbia kuelekea kwenye matete akiipiga mara ya tatu, na Irankunda akasimama akaipokea, na wengine nao, hakuna aliyeulizwa, wanawake kumi na mmoja wa pagne za kijani, isipokuwa Mama Anne, ambaye alijifunika uso.

Ndege waliinuka nyuma ya matete wote kwa pamoja. Wakavuka mto. Mbingu ikawa tupu, na bondeni kukawa na kimya ambacho hakikuwepo tangu alfajiri.

Louise alisimama kwenye mfereji, maji magotini, anahema. Aliona watu wote hemani wamemgeukia. Mwandishi wa redio alikuwa amenyoosha mkono wenye mashine yake, inarekodi. Mheshimiwa alikuwa ameanza kutabasamu.

"Madame," alisema Franck, na alisema kwa starehe, huku akipangusa tope kwenye nyusi. "Huyo mama njo Louise Niyonkuru. Namba mbili kwenye orodha yako."

Madame Alliance aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Alama ndogo ya wino ilikuwa imebaki pale ilipogusa, haijawa saini. Alifunika kalamu, akashuka taratibu mpaka ukingo wa mfereji na viatu vyake vya mpira, akamwangalia Louise kwa muda.

"Mama," aliuliza, "sauti hiyo ilikuwa wapi tangu asubuhi?"